Bob Marley: Aliyepinga Vita Akiwa na Risasi Mwilini

Mwaka huu sikukusudia kuandika habari za mwanamuziki. Nilikuwa nimejiandaa kuandika juu ya ngeli za nomino, kama nilivyofanya mwaka jana. Lakini yaliyotokea shuleni mwetu muhula wa pili yalinibadilisha nia, na nikiyafumbia macho nitakuwa najidanganya mwenyewe.

Wanachama wenzangu mnakumbuka. Jambo lilianza kama mzaha. Uchaguzi wa viranja ulikuwa umemalizika, na watu wa bweni moja wakadai kwamba kura zimeibwa. Kufikia jioni hatukuwa tena watu wa bweni hili na bweni lile. Tulikuwa tumegawanyika kwa lugha tunazozungumza kwetu nyumbani. Usiku madirisha yakavunjwa, na wenzetu wawili wakapelekwa hospitali. Nami, ingawa wengi wenu hamjui, nilikuwa gizani nyuma ya jiko na jiwe mkononi. Sikumrushia mtu. Msidhani ni kwa sababu ya wema wangu, la hasha! Bawabu alinimulika kwa tochi, nikaliachia jiwe nikatoka shoti.

Tuliporudi baada ya kukaa nyumbani wiki mbili, mlezi wa chama chetu alitupa kazi. Kila mmoja alete wimbo mmoja unaopinga vita, aueleze, kisha aseme kwa nini unamgusa moyo. Kuna aliyeleta wimbo wa John Lennon wa mwaka wa 1971 uitwao "Imagine". Kuna aliyeleta wimbo wa kanisani. Mmoja wetu alituimbia wimbo wa nyanya yake kwa lugha ya mama, wa mzazi anayemsubiri mwanawe aliyepelekwa vitani Burma. Tulinyamaza kimya hata kabla ya kutafsiriwa maneno.

Mimi nilileta "War" wa Bob Marley. Wimbo huu niliujua tangu utotoni kwa sababu ya mjomba wangu, ambaye alikuwa dereva wa lori. Alikuwa na kanda moja iliyochakaa, na ukanda wake ulipojivuta nje aliurudisha kwa kalamu ya biro. Lakini mlezi aliniuliza huyo Marley alikuwa nani hasa, na kwa nini aliimba vile. Nilibaki nimeduwaa. Kumbe nilikuwa nikitikisa kichwa miaka yote hiyo bila kujua lolote! Basi nikaenda kutafuta. Haya ndiyo niliyoyapata.

Robert Nesta Marley alizaliwa tarehe 6 Februari 1945 katika kijiji cha Nine Mile, jimbo la St. Ann, kisiwani Jamaika. Mamake, Cedella, alikuwa msichana mweusi wa miaka 18. Babake, Norval Marley, alikuwa Mzungu aliyemzidi mamake umri kwa mbali sana. Mzee huyo hakukaa na familia yake, na alifariki mwaka wa 1955 mtoto akiwa bado mdogo. Basi Bob alikulia mikononi mwa mama, na machoni pa watu hakuwa mweupe wala mweusi. Mtu wa namna hiyo hujifunza mapema jinsi binadamu wanavyopimana kwa sura.

Akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, mama na mwana walihamia mji mkuu, Kingston, wakakaa Trench Town. Mtaa huo ulikuwa wa watu wa hali ya chini, na hapo ndipo alipokutana na muziki. Alipoacha shule alipelekwa kujifunza kuchomelea vyuma. Siku moja kipande cha chuma kikamwingia jichoni, naye akaona heri ashike gitaa kuliko kuchezea macho yake. Mwimbaji mmoja wa mtaani, Joe Higgs, aliwafundisha vijana kuimba uani kwake bila malipo. Mwaka wa 1963 Bob pamoja na Peter Tosh, Bunny Livingston na wenzao waliunda kundi la Wailers.

Sasa sikilizeni jambo lililonishangaza. Wimbo wa kwanza uliowapatia sifa kisiwani kote, "Simmer Down", haukuwa wa mapenzi. Uliwaasi vijana wa mitaani wenye visu na hasira wapunguze moto. Bob hakuwa mhubiri aliyetoka mbali. Alikuwa na umri wa miaka 18, akiishi na vijana hao hao, akila nao na kucheza nao kandanda. Kwa hiyo safari yake ya kupinga ugomvi ilianza nyumbani, na ilianza mapema.

Mwaka wa 1966 alimwoa Rita Anderson, kisha akaenda Marekani alikokuwa mamake kutafuta pesa kwa kazi za kiwandani. Akiwa huko, tarehe 21 Aprili mwaka huo, Mfalme Haile Selassie wa Uhabeshi, yaani Ethiopia, alizuru Jamaika. Marasta humheshimu mfalme huyo kama Mungu, na umati uliokwenda kumlaki uwanja wa ndege haukuwa na kifani. Rita alikuwa miongoni mwao. Bob aliporudi alianza kuifuata imani hiyo, na polepole akaacha nywele zake zisokotane.

Hapa inanibidi nisimame kidogo na Bob ili nieleze habari za mfalme huyu, kwa sababu bila yeye wimbo wangu haungekuwapo. Mwezi Oktoba 1935 majeshi ya Italia yaliivamia Ethiopia. Yalitumia hata gesi ya sumu juu ya watu na mifugo. Mwaka wa 1936 mfalme alikimbilia uhamishoni, akaenda Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa kuomba msaada. Wakubwa wa dunia walimsikiliza, kisha wakaacha mambo yaende yalivyokwenda. Alirudi Addis Ababa mwezi Mei 1941, baada ya Waitaliano kushindwa na majeshi ya Uingereza na Wahabeshi wenyewe. Katika majeshi hayo walikuwamo askari wa KAR waliotokea hapa Kenya. Naam, baadhi ya babu zetu walikuwamo katika hadithi hii.

Tarehe 4 Oktoba 1963 mfalme yule yule alisimama tena mbele ya mataifa, safari hii New York katika Umoja wa Mataifa. Alihutubu kwa Kiamhari. Alieleza kwamba amani haitakuja Afrika wala duniani maadamu kuna watu wanaohesabiwa kuwa bora na wengine duni, maadamu haki haziwi sawa kwa wote, na maadamu Angola, Msumbiji na Afrika Kusini ziko chini ya nira. Haya yalisemwa na mtu aliyekwisha kuyaona mabomu yakianguka juu ya watu wake. Ni kweli kwamba utawala wake mwenyewe ulikuwa na lawama zake. Wanajeshi walimpindua mwaka wa 1974, akafa mwaka uliofuata.

Mwaka wa 1976 Bob alitoa albamu ya Rastaman Vibration, na humo mna "War". Karibu maneno yote ya wimbo huo yanatoka katika hotuba hiyo ya 1963. Majina yaliyoandikwa kama watunzi si la Bob. Ni la Allan Cole, mcheza kandanda na rafiki yake, na la Carlton Barrett, mpiga ngoma wa kundi. Nilipojua hayo nilielewa kwa nini wimbo huu si kama nyimbo nyingine. Hauna vina wala kiitikio kitamu cha kuimbwa na umati. Ni sentensi ndefu za mkutanoni, zimepandishwa juu ya besi na ngoma inayokwenda polepole, na kila hoja inaishia katika neno lile lile, vita. Unaposikiliza unalingoja neno hilo kama mtu anayengojea pigo. Sisi tunaosoma ushairi tumezoea kuambiwa kwamba bila vina na mizani hakuna utamu. Hapa utamu unatokana na ukweli wa hoja na sauti ya mwenye kuamini asemalo.

Wimbo ulitoka mwishoni mwa Aprili. Tarehe 16 Juni mwaka huo huo, watoto wa shule wa Soweto walipigwa risasi na polisi wakiandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaana. Walikuwa rika letu.

Kule Jamaika kwenyewe mambo yalikuwa yamechacha. Vyama viwili vilikuwa vikigombea madaraka, PNP cha Waziri Mkuu Michael Manley na JLP cha Edward Seaga. Mitaa ya Kingston iligawanyika, huu wa chama hiki, ule wa chama kile, na magenge yenye bunduki yalilinda mipaka. Kuvuka barabara tu kungeweza kukugharimu maisha. Bob alikubali kutumbuiza bure katika tamasha la kutuliza watu, lililopangwa kufanyika tarehe 5 Desemba 1976. Mara serikali ikatangaza kwamba uchaguzi utafanyika mwezi huo huo. Mbele ya watu ikawa kama kwamba yeye ni wa chama kimoja.

Usiku wa tarehe 3 Desemba, siku mbili kabla ya tamasha, watu wenye bunduki waliingia nyumbani kwake, 56 Hope Road, wakamimina risasi. Rita alipigwa kichwani. Meneja wake, Don Taylor, aliumizwa vibaya zaidi. Bob alikwaruzwa kifuani na risasi ikamwingia mkononi. Kwa kudra za Mwenyezi Mungu hakuna aliyekufa. Risasi ya mkononi haikutolewa, kwa kuhofia vidole vya kupigia gitaa visije vikapooza. Aliishi nayo.

Wewe msomaji ungefanya nini? Mimi ningejifungia chumbani. Bob alifika uwanjani tarehe 5, mkono ukiwa umefungwa, mbele ya maelfu ya watu, huku waliompiga risasi hawajakamatwa na pengine wamo humo humo katika umati. Rita naye alipanda jukwaani na bendeji kichwani. Bob aliimba kwa saa moja na zaidi, na "War" ukiwamo. Kabla ya kuondoka aliwaonyesha watu majeraha yake. Baadaye alikwenda Uingereza, akakaa zaidi ya mwaka mmoja bila kurudi kwao.

Waliomrudisha ni watu wa bunduki wenyewe. Claudie Massop wa upande wa JLP na Bucky Marshall wa upande wa PNP walikutana wakiwa rumande, wakakubaliana kusitisha mapigano, na wakaona kuwa hakuna awezaye kuyatia muhuri makubaliano yao ila Bob. Tarehe 22 Aprili 1978 tamasha la amani lilifanyika katika Uwanja wa Taifa, Kingston. Katikati ya wimbo Bob aliwaita jukwaani Manley na Seaga, wale mahasimu wawili. Akawashika mikono, akaiunganisha na kuinyanyua juu ya kichwa chake. Picha ya tendo hilo nimeiona. Wale wanasiasa wawili wana nyuso za watu waliolazimishwa kula shubiri, na Bob yuko katikati, macho amefumba.

Mwezi Juni mwaka huo huo alitunukiwa Medali ya Amani jijini New York kwa niaba ya wajumbe wa Afrika katika Umoja wa Mataifa. Ni katika jiji hilo hilo ambamo mfalme alikuwa ametoa hotuba yake miaka 15 kabla.

Ningependa kuwaambia kwamba tangu siku ile ya mikono mitatu bunduki zilinyamaza. Nitakuwa mwongo. Massop aliuawa na polisi mwaka wa 1979. Marshall aliuawa kwa risasi New York mwaka wa 1980. Na katika mwaka huo wa 1980, ambao ulikuwa wa uchaguzi, zaidi ya watu 800 waliuawa Jamaika. Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, nilifunga kitabu. Nilijiuliza, sasa nyimbo zina faida gani?

Nilimwendea mjomba siku za likizo. Amestaafu sasa, lori aliliuza. Nilimweleza kazi tuliyopewa, na kwa mara ya kwanza akanisimulia habari ya Januari 2008. Wakati huo mimi nilikuwa mtoto wa miezi mitatu. Nyumba yetu huko Bonde la Ufa ilikuwa imechomwa, na mama alikuwa amenibeba hadi kambini, katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Mjomba alikuja na lori kutuchukua. Njiani vijana walikuwa wameweka mawe na magogo barabarani, wakidai vitambulisho ili wasome jina la mtu na kujua anatoka wapi. Kwenye kizuizi kimoja kanda yake ilikuwa ikicheza. Kijana mmoja aliusikia wimbo akautambua. Akatikisa kichwa, akaimba pamoja na Marley maneno yote bila kukosea, huku panga iko mkononi. Wimbo ulipokwisha akaomba kitambulisho.

Mjomba alitoa shilingi elfu moja, akapita. Aliniambia kuwa tangu siku hiyo alikaa miaka mingi bila kuisikiliza kanda ile.

Habari hiyo niliileta katika mkutano wa chama, na mjadala ukawaka moto. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba "War" si wimbo wa kupinga vita hata kidogo, ila ni wimbo wa kutangaza vita. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Alitukumbusha kwamba mwaka wa 1979 Bob alitoa wimbo wa "Zimbabwe" kuwaunga mkono wapiganaji wa ukombozi. Usiku wa tarehe 17 Aprili 1980 aliuimba katika uwanja wa Rufaro, mjini Salisbury, ambao sasa ni Harare, bendera ya Mwingereza ikishuka na ya Zimbabwe ikipanda. Alisafirisha vyombo vyake kwa gharama yake mwenyewe. Watu waliofungiwa nje waliposukumana waingie, polisi walirusha mabomu ya machozi, na moshi ukafika hadi jukwaani. Kesho yake alirudi akawaimbia tena, ili walalahoi waliokosa nao wapate. Je, mtu kama huyo alipinga vita? Na Mau Mau wetu je, wangeambiwa waweke silaha chini wakiwa bado wanatawaliwa?

Sikuweza kumjibu siku ile. Nimefikiri sana, na jibu langu ni hili. Wimbo haumwambii anayekanyagwa akae kimya. Unaeleza vita vinatoka wapi. Vinatoka katika ile imani kwamba yule ni duni kuliko mimi. Imani hiyo ikiwapo, bunduki zitapatikana tu. Nyimbo nyingine za kupinga vita hunifanya niwahurumie waliokufa mbali. Huu huniuliza mimi niliamini nini juu ya mwenzangu kabla sijainama kuokota jiwe. Usiku ule hakuna aliyekuwa akinitawala wala kunionea. Nilikuwa nimeambiwa kwamba watu wa lugha fulani ndivyo walivyo, nami nikakubali bila kuuliza. Yule kijana wa kizuizini alijua maneno yote, na mimi pia nilikuwa nikiyajua.

Hebu nimalizie habari za Bob. Mwaka wa 1977 aligunduliwa kuwa na saratani katika kidole cha mguu. Hakukubali kukatwa kidole. Ugonjwa ukaenea, na mwezi Septemba 1980 alianguka akikimbia mazoezi New York. Siku mbili baadaye, tarehe 23, aliimba Pittsburgh, na hilo likawa tamasha lake la mwisho. Alitibiwa Ujerumani kwa miezi kadhaa bila nafuu. Alitaka kurudi kwao lakini hakufika. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36. Alizikwa Nine Mile alikozaliwa, kwa heshima zote za taifa. Aliyetoa hotuba ya mazishi ni Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Seaga, mmoja wa wale wawili walioshikanishwa mikono.

Wapenzi wasomaji, wino unaniishia. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mwenzangu ambaye jiwe langu lingempata siku ile yuko darasa moja nami, tena ndiye katibu wa chama hiki. Mwezi uliopita nilimfuata nikamweleza ukweli wote kabla hajausoma hapa. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba yeye pia alikuwa na lake mkononi, upande wa pili wa jiko.

Mjomba amenipa ile kanda. Redio ya kuichezea hatuna shuleni, lakini nimeiweka sandukuni pamoja na vitabu vyangu. Kwaherini, tuonane mwakani Mungu akipenda.